Harusi Yetu Kwenye Televisheni ya Baba

Dada yangu Lagi,

Hapa Apia tu wazima, na Ioane wangu hana mfano! Jana aliunganisha kompyuta na televisheni bila waya wowote, akanipa mimi niirushe video ya harusi. Yakatokea majina mawili: televisheni yetu, na ya Baba ng'ambo ya ua. Unajua alivyoisusia harusi kwa kuwa Ioane si wa kanisa letu. Nikabonyeza la Baba.

"Umekosea, mpenzi!" Ioane akacheka.

Nikaiacha video icheze. Mara Baba akaita dirishani kwake:

"Fetu! Irudishe mwanzo, mwanangu, sijaona ulivyoingia kanisani. Na mkwe wangu aje na hiyo kompyuta yake, picha inakwama. Kakao iko mekoni."

Mkwe wangu, dada! Kasema mkwe wangu!

Mdogo wako mwenye mume,
Fetu