Rukola ya Makoko

Makoko, Musoma
Jumatatu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Baba mpe shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma. Mgongo wa Bibi umepata nafuu? Mvua imefika Kibara, au inaishia ziwani tu? Mimi ni mzima kabisa, na leo siwezi kuandika polepole!

Unakumbuka ulisema kitanda changu hakitapewa mtu mpaka tujue kama masista watanibakiza hapa jikoni kwao. Basi sikiliza.

Nyuma ya jiko kuna bustani yenye majani madogo, kingo zake kama meno. Mbegu zilitoka Italia, na wenyewe wanayaita rukola. Jumamosi Sista Paskalia, msimamizi wetu, aliniambia, "Kesho tuna wageni. Andaa rukola." Unanijua, Mama, kuuliza kwangu ni kazi. Nikaonja jani moja, likanichoma kuanzia ulimi hadi puani. Nikasema moyoni, huyu ni ndugu ya ile mboga yetu chungu, mgagani. Nikachuma karibu yote, nikachemsha, nikamwaga maji, nikachemsha tena na maziwa, kama unavyofanyaga wewe.

Asubuhi Mama Robi, mpishi wetu, akafunua sufuria. "We mtoto wa Kibara! Umepika nini?"

"Rukola."

"Hii inaliwaga mbichi!"

"Mbichi? Kama mbuzi?"

Mama, nilisema kwa sauti! Jiko zima likacheka, hata Mama Robi akashika meza. Sista hakucheka. "Wageni bado wako kanisani," alisema. "Utafanyaje?" Nikakiona kitanda changu cha huko nyumbani kinaniita.

Bustanini yalibaki machache, na mafuta ya kuyachanganyia hakuna. Tangu Pasaka madukani ni rafu tupu. Ndipo nikakumbuka karanga, na nikasema mwenyewe, "Sista, naomba karanga na limau." Nikazikaanga, nikazitwanga mpaka zikatoa mafuta yake, nikakamulia limau na kutia chumvi kidogo. Majani nikayaosha, nikayakung'uta maji, nikayararua kwa mkono. Sikuyachanganya mpaka wageni walipokaa, maana yakiloa mapema yananyauka. Juu yake nikamwaga dagaa waliokaushwa kwenye kikaango.

Sahani zilirudi safi! Mgeni mmoja alipangusa yake kwa ugali. Ile mboga ya maziwa aliila Mama Robi, akasema, "Ukali wake umekufa, ila maziwa hayana kosa."

Jioni Sista akaniita. Siku zote nilikuwa "yule mpya", lakini jana alisema, "Veneranda, panda tuta jingine la rukola. Utalivuna wewe mwenyewe."

Humu ndani nimefunga mbegu kidogo kwenye karatasi. Zipande pale unapomwaga maji ya kusuuzia vyombo. Chuma majani machanga, kabla hayajatoa maua. Yakishakomaa, yatupie kwenye maharage ukiepua tu, ukali utatulia. Bibi asiambiwe ni mabichi mpaka ameze.

Nisalimie kaka Mafuru na wifi yangu, mkewe, na yule shangazi anayetuletea maziwa. Na mdogo wangu Neema mwambie kitanda ni chake sasa. Alale upande wa ukutani, dirishani panavuja.

Ni mimi mwanao, ninayenuka karanga mpaka kwenye nywele,

Veneranda