Uzi Niliomfunga Ondieki

Keumbu,
S.L.P. 88,
Kisii.
30 Agosti 1970

Mpendwa Kaka Abner,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini u mzima, wewe na wifi Orpah na Manasseh mdogo. Je, kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kimepona? Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo, lakini jembe bado halijamshinda, na migomba imezaa hadi tunaiegemeza kwa miti.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Baba Mdogo hufungua kila karatasi anayoikuta nyumbani, na yeye anasoma Ekegusii cha Biblia peke yake. Hii ataitolea macho tu.

Unamkumbuka Ondieki, karani wa kiwanda cha kahawa. Ndiye aliyemchumbia dada yetu Drusilla, akachukua cherehani yake akisema anamfungulia duka, kisha akamwacha na kutangaza sokoni kwamba haoi mwanamke aliyekwisha kuzeeka. Cherehani ikabaki kwa mama yake Ondieki. Tangu hapo Drusilla huketi kanisani karibu na mlango, atoke kabla watu hawajaanza kusalimiana.

Basi mtu huyohuyo, bila haya, mwezi wa saba alikuja kuniposa mimi. Baba Mdogo akakubali. Nililia, nikakataa, nikakataa tena. Akaniambia mambo ya ng'ombe hayajibiwi na mtoto wa kike. Moyoni niliapa kwamba Ondieki atajuta kuijua njia ya kwetu.

Unajua bado nafanya kazi mjini Kisii, dukani kwa Mama Hansa, yule Mhindi muuza vitambaa. Huko Jinja Wahindi ni wengi, labda umeiona sikukuu yao ya Rakhi, inayokuja mwezi mpevu wa Agosti. Siku hiyo dada humfunga kaka yake uzi mkononi, humpaka alama nyekundu kwenye paji la uso, humlisha kitu kitamu. Kaka naye huahidi kumlinda, kisha humpa zawadi.

Mama Hansa alinieleza chanzo chake, au kimojawapo, maana anasema hadithi ni nyingi. Mungu wao Krishna alijikata kidole, na malkia mmoja akararua sari yake akamfunga. Baadaye watu wabaya walitaka kumvua malkia yule nguo hadharani. Wakavuta sari, wakavuta, isiishe, mpaka mikono ikachoka. Krishna alikuwa analipa kile kitambaa kidogo. Kaka, nilimfikiria Drusilla, nikashindwa kuendelea kupima kitambaa cha mteja.

Mwaka huu Mama Hansa alinipa uzi mmoja nikutumie wewe. Ulikuwa mwekundu, una ua la karatasi ya fedha katikati. Ulikuwa bado mkononi mwangu Ondieki alipoingia na Baba Mdogo kuchagua kitambaa cha arusi. Duka lilikuwa limejaa akina mama wa sokoni.

Unajua anavyopenda mapambo, saa anaivaa juu ya mkono wa shati. Akauliza ule uzi ni wa nini. Nikamwambia ni wa mwanamume ambaye mwanamke anamtegemea kuliko wanaume wote. Sikusema uongo. Akanyoosha mkono na kusema nimfunge, watu waone. Nikamwambia kwanza aahidi kunilinda maisha yake yote, akaahidi kwa sauti ya mnadani. Nikamfunga mafundo matatu, nikampaka rangi pajini, nikamtia kitu kitamu mdomoni mbele ya taa ya sala ya Mama Hansa.

Mama Hansa alikuwa anatutazama tu. Alipoona fundo la mwisho limekaza, akasema kwa Kiswahili chake cha dukani, "Sasa wewe kaka yake kabisa. Kaka hapana oa dada."

Wale akina mama walicheka mpaka mmoja akaketi juu ya majora ya vitambaa. Ondieki akataka kuukata uzi kwa meno, lakini Baba Mdogo akamshika mkono. Yeye huhubiri kila Sabato kwamba emuma, kile kiapo cha wazee kinachokula nyumba ya anayekivunja, ni mambo ya giza. Lakini alikuwa ameona taa, amesikia ahadi, ameona alama nyekundu ambayo aliidhani ni damu. Akasema, "Usiuvunje. Huyu sasa ni dada yako."

Mama Hansa angeweza kumwambia ile ni rangi tu. Hakusema, nami sikusema. Niliwakumbusha tu kwamba kaka hutoa zawadi, nami nataka cherehani. Baba Mdogo mwenyewe aliisimamia ikifungwa kwenye baiskeli. Watu wananiambia nisamehe. Nitasamehe siku nyingine, kwa sasa bado naifurahia.

Drusilla aliifuta vumbi, akaitia mafuta, akaniuliza nilimfunga wapi. Nikamwambia mkononi. Akasema, "Ungemfunga shingoni." Ni mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu mwaka jana.

Juzi tukapata habari kwamba Ondieki amepeleka posa Kenyenya. Drusilla aliinuka. Alichagua kipande cha kitambaa chekundu, akaketi kwenye cherehani, akaanza kushona nyuzi za Rakhi. Akina mama wanaokwenda soko la Kenyenya wamekwisha kuzichukua, wawape wasichana wa huko. Namtakia dada wengi.

Uzi mwingine ulio ndani ya bahasha hii ni wako. Huu nilioufunga kwa upendo hauna hila, wifi Orpah asiogope.

Mama, Drusilla na nyanya Mong'ina wanakusalimu sana. Mungu akupe afya na kazi isiyokuchosha, na amcheleweshe Ondieki katika kila njia anayopita.

Ni mimi dada yako akupendaye, na asiyesahau,
Nyamoita