Kanda ya Selestini

Katubuka, Kigoma
Juni 1999

Kaka yangu Khalfani,

Shikamoo. Sisi hapa tumeamka salama, mama kifua kimempungua na chakula anakula. Sijui ninyi huko Tabora, wifi Nasma na watoto. Ukinijibu, unieleze na mguu wako unaendeleaje.

Nimemkabidhi Ikram akuletee kanda ya nyimbo za ile filamu ya harusi waliyoipiga Ujiji. Zote katunga Selestini, yule mgeni wako kutoka ng'ambo uliyeniachia nimtunze. Kaka, ule wa bwana harusi usiusikilize ukiwa na chai mdomoni. Boti imemzimikia katikati ya ziwa, anamsihi samaki ampelekee salamu ukweni, na samaki anamjibu kuwa hata yeye amealikwa huko, ila kama kitoweo. Upo na wa maharage ya mgao, anayaamkia kwa heshima kama wakwe zake. Wakimbizi wenzake kambini wanaucheka huku wanajifuta macho. Wa mwisho ni gitaa tupu, pale bibi harusi anaposubiri ufukweni Kibirizi mpaka watu wanakunja mikeka. Hauna neno hata moja, lakini hata asiyeiona filamu anajua kuwa boti haiji.

Barua yangu ya kwanza ilikuwa fupi, sikukueleza vizuri Selestini alivyochukuliwa. Maofisa walikuja asubuhi, hawakumuuliza mtu, wakaenda moja kwa moja chumba cha uani. Kwa kuwa hakuwa na kibali cha kukaa nje ya kambi, walimpandisha lori, wakashika njia ya Kasulu kumrudisha kambini. Gitaa lilibaki kitandani.

Mtaa mzima ulisema aliyemchongea ni Mzee Zubery, kwa sababu aliwahi kugombana naye juu ya kelele za gitaa. Mimi nikanyamaza. Nawe ukaniandikia kwamba Zubery si mtu, na kwamba nimnyang'anye mtumbwi wako anaovulia, kabla wavuvi hawajarudi ziwani.

Usimnyang'anye, kaka. Si yeye. Ni mimi.

Siku filamu ilipoonyeshwa ukumbini Ujiji, watu walicheka mpaka wakaomba wimbo wa samaki urudiwe. Mtu akauliza kwa sauti huyu mwimbaji ni nani. Nilishindwa kujizuia. Nikasimama mbele za watu nikasema ni Selestini, anakula kwangu, analala Katubuka, nyumba ya kaka yangu Khalfani, chumba cha uani. Walinipigia makofi kana kwamba nimeimba mimi. Nani kati yao alipeleka habari sijui, lakini njia niliwaonyesha mimi.

Juzi nilipata ruhusa nikaenda kambini kumwona. Nilianza kumweleza huku nalia, akanikatiza.

"Nilikusikia, dada. Nilikuwa nyuma, karibu na mlango."

Nikamuuliza kwa nini hakuondoka siku ileile. Akaniambia tangu avuke ziwa, jina lake lilikuwa likiitwa kwenye foleni ya mgao tu, na siku ile alilisikia likipigiwa makofi. Basi alitaka kukaa nalo kidogo. Angenitukana, kaka, ningerudi nimepona. Hakunitukana.

Kabla ya kukuandikia nimekwenda kwa Mzee Zubery nikamwambia yote. Hakupandisha sauti. Alisema watu wa msikitini wameacha kupokea salamu yake, na kwamba Ijumaa niende nikawaambie wake zao kwa mdomo uleule. Nitakwenda.

Mtumbwi umebaki kwake. Kama una hasira ilete kwangu, nitaipokea. Gitaa nitalipeleka mwenyewe, na ukiweza andika barua huko kwa wakubwa unaowajua, wamfikirie kibali.

Mama anakusalimu sana, ila habari hii bado hajaijua. Wabusu watoto, na wifi umwambie vitenge vyake vimefika salama.

Wasalaam,
Mdogo wako,
Mwamini