Panya wa Abaniman

Kwa kaka yangu Banuera,

Mauri. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Suva, wewe, shemeji Teretia na watoto. Nimesikia mgongo unakusumbua kwa kusimama kutwa kiwandani, pole sana. Sisi hapa tu wazima. Mama bado anasuka mikeka ya majani ya mkadi na bado anagombana na kuku wa jirani. Anakusalimu, ingawa kila akikutaja hutazama pembeni.

Kaka, juzi nimerudi kutoka kisiwani Abaniman. Nilitumwa kuhesabu ndege kabla wageni hawajaja kumwaga sumu ya panya. Nilipewa siku tisa. Nilimaliza asubuhi moja.

Unakumbuka tulivyokuwa tukishuka pale, ukinisemesha sisikii kwa kelele za ndege? Safari hii nilisikia viatu vyangu mwenyewe vikisaga matumbawe. Membe weupe, wale wanaotaga yai moja juu ya tawi tupu, niliwaona wanne. Chini ya mikadi ya upande wa upepo kumejaa maganda ya mayai, kila moja limetobolewa ubavuni. Ndege weusi wanaovimbisha koo jekundu wamehama wote. Nilikuta kifaranga kimoja hai, kimekaa wima kiotani, mgongo umeliwa hadi mfupani. Hakikulia. Ndege wa pale hawajui kuogopa kitu kinachotembea ardhini.

Nilitoa taarifa kwenye mkutano wa kijiji maneabani, watu wote wakiwapo. Mzee Tekarei akasimama, akasema, "Hiyo ndiyo kazi ya Banuera! Tulimpa kisiwa akilinde, akatushushia panya kwa mashua yake chafu." Mwingine akadakia, "Huko Suva si anakata samaki vichwa? Afadhali, wale wamekufa tayari." Watu wakaangua kicheko. Mama alikuwa ameketi nyuma. Alikunja mkeka wake akatoka.

Kaka, panya niliwapeleka mimi.

Ni ule mwaka ulipolazwa na homa, nikaenda badala yako. Ulinionya nisishushe gunia lolote kabla ya kulifungua mashuani. Nilikuwa na gunia la makumbi ya kuwashia moto, mvua inanyesha, nikalibeba vivyo hivyo hadi kibandani. Nilipolitua akatoka panya jike, tumbo kubwa, na wengine wawili nyuma yake. Niliwakimbiza kwa kasia mpaka jua likazama. Nikajiambia watakufa kwa kiu. Walipokushtaki miaka miwili baadaye nilikuwa nimeketi kando yako, goti langu likigusa lako, nikanyamaza. Kisha nikapokea kazi yako, na kofia yako ya mlinzi nikaivaa.

Jana nilikwenda kwa Mzee Tekarei nikamweleza yote. Alinimiminia tembo tamu, akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Wageni wako njiani, usitutie aibu. Jina lako ndilo tulilowaandikia kuwa mlinzi wa kisiwa. Banuera ameshazoea, muache." Ameshazoea! Nilikiweka kikombe chini kikiwa kimejaa, nikaondoka.

Nilimwambia na mama. Hakunipiga, hakulia. Aliuliza kama wewe ulijua. Nikamjibu kwamba ulijua, maana siku ile walipokushtaki, tulipotoka maneabani, uliniuliza jambo moja tu: makumbi yale niliyachukua kwa nani. Nikakudanganya, ukanitazama, ukaenda kufunga mizigo. Tangu nimwambie hivyo mama hanisemeshi. Ananiwekea samaki na magimbi, anageuka.

Jumapili baada ya ibada nitasimama maneabani niseme, hata wakinizomea. Utakapopata barua hii nitakuwa nimeshasema. Usidhani nafanya ushujaa. Ndege hawarudi kwa maneno yangu, na miaka yako sita ya kukata samaki hairudi.

Nisalimie shemeji Teretia, na watoto nisiowajua. Ukitaka kujibu, mwandikie mama. Mimi nitamwomba anisomee, akikubali.

Ni mimi mdogo wako uliyemfichia siri,
Ioteba