Msiba Usio na Salamu

Irving, 9 Februari 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti yametulia na baridi ya wiki iliyopita haikukusumbua sana. Mimi sijambo, ila zamu za hospitali zinanimaliza. Nisalimie Wilbroad, mkewe na watoto.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikii vizuri, na WhatsApp yako Wilbroad anaisoma kabla yako. Hili nataka liwe letu wawili kwanza.

Unakumbuka Krismasi nilikuomba uteme mate kwenye kile kichupa cha kupima asili, ukasema mwanao karukwa na akili? Majibu yametoka. Nusu yako ni Mmeru, hiyo tunaijua. Nusu nyingine ni Wayahudi wa Poland. Si Mpolandi tu, kama walivyokuwa wakikuita shuleni. Myahudi.

Kwenye majibu akatokea na ndugu, dada mmoja anaitwa Tamar, anakaa Plano, hata nusu saa kutoka kwangu haifiki. Tumekutana, tumekunywa chai. Mama, kaa chini kabla hujaendelea kusoma. Bibi yake Tamar aliishi kambi ya wakimbizi wa Kipolandi pale Tengeru wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na baada yake. Alizaa na kijana wa Kimeru aliyekuwa akipeleka maziwa kambini. Wapolandi walipoondoka, akamwacha mtoto kwa dada yake yule kijana. Tamar alipomwuliza, akalitaja jina la huyo dada bila kusita. Aikande.

Sijui niandikeje mstari unaofuata. Yuko hai. Ana miaka tisini na sita, anaishi hapa Dallas kwa mwanawe Leon, ambaye ndiye baba yake Tamar. Njoo, Mama. Nitakufuata mwenyewe Houston.

Mwanao,
Prudensia


Houston, 20 Februari 2025

Mwanangu Prudensia,

Marahaba. Magoti ni yale yale, asante kwa kuyauliza. Wilbroad mzima, watoto wazima, mkwe ananenepa. Barua yako nimeisoma chooni, maana katika nyumba hii ndio mlango pekee wenye komeo.

Nilibatizwa Mlutheri. Baba yenu, Mungu amrehemu, akanioa akanifanya Mkatoliki. Sasa wewe unataka nife Myahudi. Niache nipumue, mama.

Shangazi Aikande aliniambia mama yangu alikufa siku niliyozaliwa, na kwamba amelala makaburi ya Wapolandi. Kaburi lenyewe hakunionyesha. Nililichagua mwenyewe, la pembeni karibu na ukuta, lisilo na mtu wa kulijali. Kila Jumamosi nilikwenda na kijembe changu nikalipalilia, mpaka nilipoondoka kwenda chuo cha ualimu. Nilipofaulu nilikwenda kulia pale. Nilipochumbiwa nilimpeleka baba yenu pale, akavua kofia, akajitambulisha kama mkwe. Leo unaniambia nilikuwa namlilia mtu nisiyemjua, na mwenyewe yuko Dallas anakula na kulala.

Aliyekufa hana kosa, ndiyo maana nilimpenda. Huyu alikuwa hai na alijua nilipo. Kwa Aikande hatukuhama hata siku moja. Angeandika bahasha "Aikande, Tengeru" ingefika.

Usinipeleke huko. Na usimwambie kaka yako.

Mama yako


Irving, 16 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Nimesubiri hasira zipungue ndipo nikuandikie. Wilbroad anasema unakula vizuri ila huongei. Na mimi nimekuwa na mafua, sasa nimepona.

Nilikwenda kumwona. Utanigombeza baadaye.

Ni mdogo sana, Mama. Akikaa kwenye kochi miguu haifiki chini. Paji la uso ni lako, na ule mtindo wako wa kukunja mdomo mtu akisema uongo anao. Jina lake ni Rywka. Kambini aliitwa Regina, kwa sababu wazazi wake walikufa njaa Siberia, na familia moja ya Kikatoliki ikamwandikisha kama mtoto wao. Alisali rozari miaka yote ile asijulikane ni nani. Kumbe na yeye alikuwa mtoto wa kufichwa.

Nilipomwambia shikamoo aliitikia marahaba. Leon akageuka kumwangalia mama yake kama anamwona leo. Hakuwahi kumsikia akisema Kiswahili. Kisha Bibi akaniuliza, "Mtoto amekula?" Nikasema amekula. Akauliza tena. Aliuliza mpaka naondoka.

Nilimwuliza, kwa ajili yako, kwa nini hakukutafuta. Akarudi kwenye Kiingereza. Alisema waliomsafirisha walimwambia hakuna nafasi ya mtoto mweusi. Huku akaolewa na mtu mwema, akaogopa kumwambia, na kadiri miaka ilivyopita ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kusema. Hakujitetea zaidi ya hapo, wala hakulia.

Jambo moja la ajabu. Tamar anasema kwao Uyahudi unatoka kwa mama. Kwa hiyo wewe, na rozari yako mfukoni, ni Myahudi kamili. Yeye Tamar, ambaye mama yake ni Mkristo, wapo wasiomhesabu. Alicheka aliponiambia, lakini kicheko chenyewe hakikuwa cha furaha.

Mwanao,
Pru


Houston, 29 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba. Pole kwa mafua, ungechemsha tangawizi. Hapa mvua zimeanza na uwanja wa nyuma umejaa maji, watoto wanafurahi.

Nimekugomba moyoni, inatosha.

Kwao mtoto ni wa mama. Kimeru mtoto ni wa baba, na ukoo wa baba uliniita mtoto wa Mpolandi, sikugawiwa hata mgomba. Nimeishi hivyo, nimezeeka hivyo. Sasa nimefika miaka hii ndipo naambiwa kuna watu ambao kwao nilikuwa wa kwao tangu mwanzo, bila kuomba. Jambo hilo linanikosesha raha kuliko nilivyotegemea.

Nataka umwulize kitu. Shangazi alikuwa akinipikia supu nyekundu ya bitruti, anamimina na maziwa ya mgando juu yake. Pale kijijini hakuna mwingine aliyekula kitu hicho. Wenzangu walinicheka kwamba nakunywa damu. Nilimlilia Shangazi aache, akasema, "Utakunywa, ni chakula chako." Mwulize kama ni yeye aliyemfundisha.

Nitakuja. Mjukuu akishapata Komunyo ya kwanza mwezi wa tano, nitakuja. Usinisukume.

Mama yako


Irving, 4 Mei 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo, na hongera ya mjukuu kwa Komunyo. Nimeona picha, gauni limempendeza.

Nilimwuliza habari ya supu. Alifumba macho muda mrefu nikadhani amelala. Kisha akasema alimfundisha Aikande kuipika wiki ile ya mwisho, na mbegu za bitruti alimwachia kwenye kitambaa. "Nilitaka awe na kitu changu tumboni." Ndivyo alivyosema.

Mama, amedhoofika. Ijumaa hakunitambua mpaka nilipomwamkia. Leon naye hanitaki pale. Anadhani kuna tunachofuata. Alinisindikiza mlangoni, kwa upole kabisa, akaniambia, "Mama yangu ana mtoto mmoja." Tamar aligombana naye mbele yangu. Nakuandikia namba ya Tamar hapa chini ya barua, iwapo siku moja utanikosa mimi.

Njoo mwezi huu huu. Nakuomba.

Pru


Houston, 18 Mei 2025

Mwanangu Pru,

Marahaba. Asante kwa zawadi ya mjukuu, kaivaa kanisani.

Nimepeleka kitenge kwa fundi, yule mama wa Kikongo, anishonee. Amesema nguo itakuwa tayari mwanzoni mwa mwezi wa sita. Siwezi kwenda nimevaa haya magauni ya nyumbani.

Hapana, nisikudanganye. Ningeweza kuvaa gunia. Naogopa. Naogopa nitafika aniangalie aniulize mimi ni nani, na mimi sitakuwa na jibu fupi. Naogopa pia atanitambua, na nitamsamehe kabla sijamwambia niliyotaka kumwambia.

Nimepanga katikati ya Juni. Mwambie mtoto amekula.

Mama yako


Ujumbe wa simu, Jumanne 10 Juni 2025

PRUDENSIA: Shikamoo Mama. Wilbroad, mpe Mama simu asome mwenyewe. Mama, pole sana. Bibi Rywka amefariki leo asubuhi, usingizini. Tamar amenipigia sasa hivi.

MAMA: Marahaba. Nimesoma. Naja leo. Wilbroad atanipeleka kituo cha basi.

PRUDENSIA: Usikimbilie Mama, utaumia bure. Nina zamu mpaka Ijumaa, hutakuwa na mtu wa kukaa naye. Watu watatoka mbali, mazishi hayawezi kuwa kabla ya wiki ijayo. Jumamosi nakufuata na gari, tunakwenda pamoja.

MAMA: Sawa. Na nguo nitakuwa nimeichukua. Uliza nani mwenyekiti wa kamati, tusiende mikono mitupu.

Jumatano 11 Juni 2025

PRUDENSIA: Mama, nisamehe. Wamemzika leo mchana. Kwao maiti hailali. Tamar alinitumia ujumbe jana jioni, nikiwa kazini simu iko kabatini. Nimeuona sasa hivi.

MAMA: Mtu amekufa jana, leo mmemfukia. Kwetu hata jeneza lingekuwa bado linachongwa.

PRUDENSIA: Sikujua Mama. Wallahi sikujua.

MAMA: Miaka yote nimelia kwenye kaburi lisilo lake. Limepatikana la kwake, ukaniambia nisikimbilie.

PRUDENSIA: Mama nakupigia, pokea.

MAMA: Usinipigie.

Alhamisi 12 Juni 2025

PRUDENSIA: Shikamoo Mama.

Ijumaa 13 Juni 2025

PRUDENSIA: Shikamoo Mama. Umeamkaje?

Jumamosi 14 Juni 2025

PRUDENSIA: Mama, niko Houston, nimefika kwa Wilbroad. Anasema umeondoka na basi la asubuhi na hukumwambia unakwenda wapi. Nijibu tafadhali, hata neno moja.


Plano, Jumapili 15 Juni 2025

Prudensia,

Barua hii haina salamu, usishtuke. Nimekuja kujua kwamba hawa msibani hawaamkiani, na mimi niko msibani.

Niko kwa Tamar. Alinipokea kituo cha basi, akanibebea mkoba, akanitandikia kitanda. Nilikukasirikia sana, sasa nimepoa. Hukujua, na mimi sikujua. Sisi tumezoea kwamba mfu atatusubiri mpaka kamati ikae na fundi amalize kushona. Na ukweli ni kwamba niliokuwa nao ni mwezi wa tatu, wa nne na wa tano, na sikuutumia hata mmoja. Hilo halikuhusu wewe. Acha kulia.

Leo asubuhi tulianzia makaburini. Kwao hawaweki maua, wanaweka vijiwe. Nikaokota kimoja nikaweka. Udongo ulikuwa bado mbichi, hakuna jani hata moja limeota juu yake. Nilizunguka nikitafuta la kung'oa, sikulipata. Mikono yangu haikujua ifanye nini. Nilitamani lile kaburi la Tengeru, ambalo nililijua kila ufa. Nililia, lakini sikuweza kujua namlilia nani kati yao wawili.

Kisha tukaenda nyumbani kwa Leon. Mlango uko wazi, hupigi hodi. Vioo vyote vimefunikwa mashuka. Nikasema poleni na msiba, kwa Kiswahili maana ndicho nilichokuja nacho mdomoni, na hakuna aliyeitikia. Nikaona aibu. Tamar akaninong'oneza kwamba mgeni hasemi kitu mpaka mfiwa aanze. Mengine yote ni matanga kama ya kwetu. Majirani wanaleta vyakula, wanawake wamejaa jikoni, watoto wanafokewa. Siku saba.

Leon alikuwa amekaa sebuleni kwenye kiti kifupi, kama kile cha mbuzi cha kukunia nazi. Shati lake limechanwa kifuani, ndiyo alama yao ya kufiwa. Ni mzee kama mimi, Pru. Ana paji letu la uso. Aliniona, akatazama chini. Wengine wote walikaa kwenye viti vya kawaida, na Tamar akaniletea kimoja, chenye mto mzuri wa kukalia.

Nikakiangalia kile kiti. Halafu nikatandika khanga yangu sakafuni, karibu na miguu ya Leon, nikakaa. Magoti yalinipa adhabu yake. Nguo ya yule mama wa Kikongo, niliyoshonewa nimpendeze mama yangu, ikajikunja yote. Watu walinipita wakija na kuondoka. Tamar akaniletea bakuli la supu nyekundu. Niliinywa yote, mimi niliyekuwa naimwaga nyuma ya nyumba.

Njoo unichukue Jumanne, siku ya saba ikiisha. Usije kabla, na usije kunibembeleza ninyanyuke. Kesho narudi pale pale.

Jioni watu walipopungua, Leon akaniinamia. Alisema kwa adabu, Kiingereza cha polepole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. "Mama, tafadhali kaa kwenye kiti. Hapo chini hukaa watoto wa marehemu tu."

Nikamwambia, "Najua. Ndiyo maana nimekaa."

Mama yako,
binti Rywka