Kivuko Chenye Majina Manne

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko? Kazi je, na kile kikohozi ulichoondoka nacho? Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mama sasa anatembea na mkongojo, ingawa anautumia zaidi kunionyeshea kazi kuliko kuuegemea. Mimi ni yule yule, mdomo hauna breki, kwa hiyo tafuta mahali ukae, maana nina maneno na simu zangu hupokei.

Kwanza nikwambie bila kuficha: nimekukasirikia. Tangu Mama agongwe na gari pale kwenye taa za soko, unatuma dawa, unatuma salamu, wewe mwenyewe hujitumi. Najua unachokibeba. Uliniambia pale hospitali, umeinamisha kichwa, kwamba ulitangulia na kapu lake, ukamwita avuke kwa kuwa taa ni ya kijani, na ulipogeuka ukamkuta amelala barabarani. Ukasema laiti ungemshika mkono. Hilo la mkono ndilo lililokufukuza nyumbani, si kazi mpya wala nini. Sasa nisikilize.

Unaijua ofisi yetu ya takwimu za barabara, ile ya ghorofani ambako feni inapepea karatasi kuliko watu. Zamani ripoti za ajali zililala kabatini. Mwananchi akitaka kuziona aandike barua, asubiri muhuri, achoke, aende zake. Mwaka huu likaja agizo kwamba zote ziwekwe kwenye tovuti, bila majina ya watu, na yeyote azichukue bila kumwomba mtu ruhusa. Bosi wetu, tunayemwita Mzee Muhuri, akanung'unika kwamba tunaanika nguo za ndani barabarani. Mimi nikacheka, nikauliza nani atazisoma, watu wenyewe hata maelezo ya dawa hawasomi. Kumbe!

Akazisoma mwandishi wa habari mmoja, mama wa makamo, sauti yake ya taratibu lakini king'ang'anizi haswa. Alizipakua zote, akatafuta mahali panapoumiza watu zaidi mjini, akapata njia panda ya darajani. Akaandika gazetini. Pale petu hapakutajwa kabisa, na nikuficheje, niliumia kimya kimya. Nikasema basi, yetu ilikuwa bahati mbaya tu.

Haikupita muda, mtu akamtumia ujumbe kwa ile namba iliyo gazetini. Alisema amesoma ripoti zile zile, na kwamba Kwa Fundi Saa, Mbele ya Magodoro, Kona ya Posta ya Zamani na Taa za Soko si mahali panne. Ni kivuko kimoja! Mwandishi akaja ofisini mbio kuuliza. Nikazifungua ripoti, nikaona aibu. Kila askari alikuwa ameandika jina analolijua yeye. Mwenyeji aliandika fundi saa, ingawa fundi mwenyewe alishahama siku nyingi. Mgeni akaandika magodoro kwa sababu ndiyo aliyoyaona. Sisi tukanakili kama kasuku, na kompyuta, ambayo haijawahi kutumwa sokoni, ikahesabu sehemu nne zenye ajali chache chache. Tulipozijumlisha, ile njia panda ya darajani ikawa cha mtoto. Kivuko chetu kiliongoza mji mzima.

Yule mama hakuishia hapo. Alikwenda kusimama pale akawatazama wazee wakivuka. Ile taa ya kijani, Kaka, ilikuwa inazimika kabla mzee hajafika katikati, na magari yanaruhusiwa papo hapo. Mwenye miguu kama yako anapita. Mwenye magoti kama ya Mama hapiti, hata akijitahidi vipi. Akaandika tena, safari hii redio nazo zikadaka, na watu wakaanza kutafuta mitaa yao wenyewe kwenye tovuti yetu. Mafundi wakaja, wakairefusha taa, wakajenga na kisiwa katikati cha kupumzikia. Mzee Muhuri, aliyekuwa amenuna wiki nzima, alikwenda kupigwa picha chini ya taa, meno yote nje. Ndio binadamu hao.

Nilimuuliza mwandishi ni nani aliyemtumia ule ujumbe. Akakataa, akasema wanaomwamini huwalinda. Nikaacha. Jana sasa, nilikuwa namkanda Mama mguu, nikawa namsifia huyo mtu, nikaapa kwamba siku nikimjua nitamnunulia zawadi. Mama akavua miwani, akasema basi yeye anataka viatu visivyoteleza.

Ni Mama, Kaka! Mchana nikiwa kazini alikuwa akisoma zile ripoti kwenye simu yangu ya zamani, moja baada ya nyingine. Hakuniambia kwa kuogopa nisije nikasemwa ofisini. Nikamuuliza alikuwa akitafuta nini humo, nikidhani atasema fidia. Akasema alikuwa akikutafuta wewe.

Alijikuta mwenyewe humo, mwanamke mzee, amevunjika nyonga. Akaendelea kusoma, mpaka akafika kwa baba mmoja mzee aliyekuwa akivuka na binti yake, pale Kwa Fundi Saa. Askari alikuwa ameandika kwamba walikuwa wameshikana mikono. Waligongwa wote wawili. Walipona, lakini binti ndiye aliyeumia zaidi. Mama alisema alipoisoma hiyo alilia sana, halafu akamshukuru Mungu kwamba siku ile ulikuwa umetangulia. Nikajikuta naukanda mguu usiouma.

Usiniamini mimi, najua unavyoniona. Fungua tovuti yetu, haidai kibali cha mtu, uisome kwa macho yako. Ukimaliza, funga mzigo uje.

Majirani wote wanakusalimu, hata yule unayekaa na nyundo yake. Mama naye anakusalimu, na amenisisitiza nisiache kuandika neno lake. Anasema ukija mtakwenda kuvuka pale pamoja. Mkono umshike ukitaka, lakini safari hii atakayetangulia ni yeye.

Ni mimi mdogo wako ambaye hasira zimeniisha,

Kidomodomo