Kisima cha Efeso katika ukumbi wa parokia

Schaerbeek, Jumapili

Nimepata! Naenda Efeso!

Papa Déo, kiongozi wa safari ya parokia, alikuwa na nafasi moja ya bure, kwa kijana atakayewaeleza maman zetu kwa Kiswahili yale ambayo guide, mwongoza wageni wa kule Uturuki, atayasema kwa Kifaransa. Leo baada ya misa ilibidi nijaribiwe mbele yao wote. Nilisimama, nikafungua daftari, na sauti ikakataa kutoka. Kabisa.

Basi nikaanza kupanga viti vya ukumbi viwe kuta za kisima. Nalijua vizuri umbo la kisima cha ubatizo cha Wakristo wa kale kule Efeso, nimelichora mara nyingi mno.

"Ni nini hii, mutoto? Piscine ya kuogelea?" aliuliza Maman Furaha. Wakacheka wote.

"Ni kisima cha ubatizo, maman. Muntu alikuwa anashuka ngazi huku, anaingia mu maji, anatokea kule. Halafu wanamuvalisha nguo nyeupe."

Nilishangaa. Ilikuwa sauti yangu.

Maman Furaha hakucheka tena. Alivua viatu, akashuka polepole ngazi ambazo hazikuwepo.

"Bon," akasema Papa Déo. "Nafasi ni yako."

Bado naogopa. Kule kutakuwa na watu wengi, na kama sauti itakataa tena...

Lakini leo, katikati ya viti vile, Maman Furaha aliinua kikwembe alichojifunga kisilowe. Na maji yale niliyaleta mimi, kwa maneno tu.